Kasoro ya nyumba iliyofichwa: mnunuzi ana haki gani?

Nyumba yangu ya Kisauni niliinunua wakati wa kaskazi, kuta zikinukia rangi mpya. Masika yalipoingia, slebu ikavuja na plasta ikabanduka. Ndani, vyuma vilikuwa vimeliwa na kutu. Majirani wakanambia, "Pole, ushanunua."

Ni kweli nusu. Sheria yetu humtaka mnunuzi afungue macho, na ufa uliokuwa wazi mchana kweupe hutalipwa. Lakini muuzaji aliyeficha kwa makusudi, au uliyemuuliza akakujibu uongo, hana kinga. Unaweza kudai fidia, au kuiomba mahakama ivunje mauziano urudishiwe pesa zako. Kwa hili la pili usikawie, maana ukikaa miaka kimya utahesabiwa umeridhika.

Kazi ni kuthibitisha kwamba alijua. Mimi aliyeniokoa ni fundi aliyepiga plasta ile, akakubali kusema nani alimwagiza afunike. Piga picha kabla hujarekebisha chochote, mlete mhandisi aandike ripoti, kisha wakili aandike barua ya madai. Ikishindikana, kesi huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Madai ya mkataba yana miaka 6. Palipo na ulaghai, hesabu huanza ulipougundua, au ulipopaswa kuugundua. Mauziano ya mdomo tu, yasiyo na saini wala shahidi, hayatakufaa kortini.

Yangu iliishia kwenye barua. Alilipa slebu, plasta nilijigharimia.