Ndoa ya leta haihitaji sali

Katika Kanuni ya Familia ya Kongo hamna kifungu hata kimoja kinachotaja keki, gauni jeupe, sali ya sherehe wala msafara wa magari. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu Kolwezi imejaa watu walioishi pamoja miaka mingi, wana watoto watatu au wanne, na ukiwauliza kwa nini hawajaandikishwa komini, jibu ni lile lile: hela za sherehe hazijatimia. Wanangojea kitu ambacho sheria haikuwaomba.

Sheria yenyewe ni ya tarehe 1 Agosti 1987, ikarekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Inachotaka ni kidogo. Bwana na bibi wote wawe wametimiza miaka 18. Kabla ya marekebisho hayo msichana aliweza kuolewa akiwa na miaka 15. Kila mmoja akubali kwa kinywa chake. Asiwepo mwenye ndoa nyingine inayoendelea, maana leta haitambui mke wa pili. Wafike wenyewe, kila mmoja na shahidi wake, mbele ya afisa wa eta-sivili, ambaye mjini Kolwezi mtamkuta komini ya Dilala au ya Manika. Tangazo hubandikwa kabla, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Siku ikifika afisa anawasomea haki na wajibu wao, anauliza, wanajibu, wanatia sahihi. Ukiondoa kungoja zamu kwenye benchi, shughuli nzima ni fupi kuliko foleni ya benki mwisho wa mwezi.

Liko sharti moja, hata hivyo, ambalo wageni hushangaa kulikuta katika sheria ya taifa: mahari. Kifungu cha 361 kinasema ndoa haiwezi kufungwa kama mahari haijatolewa, walau sehemu yake. Hapo ndipo wengi hukwama, nami nadhani hukwama kwa kusoma nusu ya kifungu. Nusu ya pili inasema mahari inaweza kuwa na thamani ya ishara tu. Familia zikikubaliana juu ya kitambaa kimoja na mbuzi mmoja, au hata noti chache ndani ya bahasha, afisa hana la kuuliza zaidi. Atamgeukia mwakilishi wa familia ya bibi: mmepokea? Akijibu ndiyo, basi.

Tatizo halitoki kwa afisa, linatoka kwenye fakture. Katika ukanda huu wa shaba, kijana akisemekana ana kazi kwenye mgodi mkubwa, orodha ya vitu vinavyodaiwa na ukwe hunenepa hata kabla mtu hajauliza mshahara wake. Mbunge Daniel Mbau aliwahi kupendekeza mahari isizidi dola 500 mjini na dola 200 vijijini. Mimi sina imani na bei elekezi katika jambo hili. Wazee wataandika dola 500 kwenye karatasi na kupokea zilizobaki nyuma ya nyumba. Kinachofaa zaidi ni wachumba kuwaeleza wazazi, na mjomba pia, hasa kwa familia za Kisanga ambako ukoo hufuata upande wa mama, kwamba kupokea sehemu ya mahari leo hakufuti deni lililobaki. Ndoa inaandikwa, heshima ya familia inabaki, na kilichosalia kitaletwa polepole.

Wengine, pengine ndio wengi, hawahitaji hata kufungishwa ndoa upya. Sheria inatambua milango miwili. Wa kwanza ni ndoa inayofungwa na afisa. Wa pili ni ndoa iliyofungwa katika familia kwa kufuata mila, kisha ikaandikishwa. Kama mahari ilitolewa na wazee wakakukabidhi mke mbele ya ukoo, umekwisha kuoa. Kilichobaki ni kwenda kuandikisha, na sheria inakupa mwezi mmoja baada ya sherehe ya familia. Waliochelewa wasijifiche. Ndoa ambayo haijaandikishwa ina kasoro moja kubwa: mtu wa nje, awe mwajiri, benki au shemeji mwenye tamaa, anaweza kukataa kuitambua.

Ndoa ya kanisani peke yake haizibi pengo hilo. Padri, mchungaji wa Kimetodisti au wa Kikimbangu anabariki, lakini haandiki katika rejista ya leta.

Kuunganisha karatasi ya ndoa na mgodi si jambo geni hapa. Kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga, ilipoanza mwishoni mwa miaka ya 1920 kutaka wafanyakazi wakae na wake zao badala ya kuja na kuondoka, ilihesabu mke na watoto katika nyumba ya kambi na katika posho. Leo Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri agharimie matibabu ya mfanyakazi pamoja na mwenzi wake na watoto wake. Inampa pia anayefunga ndoa siku 2 za mapumziko yenye malipo, ishara tosha kwamba aliyeitunga hakuwa akifikiria harusi ya wiki nzima. Nayo CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, haiwezi kumlipa mjane pensheni kwa ushuhuda wa majirani, inataka cheti.

Kwa mchimbaji wa mikono asiye na mkataba wala CNSS, karatasi ina uzito zaidi. Juni 2019 udongo uliporomoka katika eneo la mgodi wa KCC, ukaua zaidi ya wachimbaji 40. Mjane wa mtu wa namna hiyo hana mwajiri wa kumwendea. Anategemea sheria ya mirathi tu. Watoto hurithi hata kama wazazi hawakuoana, mradi baba awe amewatambua, nao wana robo tatu ya urithi. Mama yao, asipokuwa na cheti, anaweza kutolewa ndani ya nyumba na ndugu wale wale wa mume waliopeleka mahari kwa shangwe, bila hata nusu ya mali aliyoichuma pamoja na marehemu.

Nusu hiyo inatokana na swali ambalo afisa huuliza na wachumba hulijibu bila kufikiri: mnachagua utaratibu gani wa mali? Kuna taratibu tatu. Kila mtu abaki na chake. Au mnachangia vyote, vya zamani na vipya. Au mnachangia vile tu mlivyovipata baada ya kuoana. Msipochagua, sheria inawaweka katika huo wa mwisho, na kwa watu wengi wa kawaida unafaa. Ila mwenye duka au kiwanja cha kabla ya ndoa azungumze na mwenzake nyumbani, si pale mezani.

Nendeni komini kwanza bila kuvaa suti. Ulizeni ada rasmi na orodha ya karatasi: cheti cha kuzaliwa au hati inayoshika nafasi yake, kadi ya mpiga kura, uthibitisho kwamba hamjaoa wala kuolewa kwingine. Kila mnacholipa mdai risiti. Mkisha kutia sahihi, pigeni nakala ya cheti na kijitabu cha ndoa, na nakala moja ikae kwa mke.