Somo la Redio: Kutoa Waya Kwenye Mashine ya Kufyekea Majani

Fungueni madaftari yenu. Leo tutajifunza jinsi ya kutoa waya uliosokotana kwenye mashine ya kufyekea majani, ile inayofungwa nyuma ya trekta.

Hapa Mtwara, kabla ya msimu wa korosho, mkulima husafisha chini ya mikorosho. Korosho huokotwa chini. Zikiangukia katika majani marefu, hazionekani. Mwenye shamba dogo hutumia jembe na fyekeo. Mwenye shamba kubwa huweza kukodi trekta. Lakini majani huficha mengi: kipande cha seng'enge, waya wa kufungia miti ya nyumba, au nyaya zilizobaki baada ya tairi kuukuu kuchomwa moto. Huku pwani unaweza kukuta hata kamba ya nyavu.

Visu vya mashine vikikamata waya, huuzungusha mpaka ukakaza kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Dereva akiendelea na kazi, waya huo hukata sili, yaani mpira unaozuia oili isitoke. Oili ikivuja, gia husagana kavu na kuharibika. Sili ni kitu cha bei ndogo. Gia ni ghali, na msimu haumngoji mtu.

Hiyo ni hasara ya mali. Iko hasara kubwa zaidi. Shafti inayotoa nguvu kwenye trekta huzunguka mara 540 kwa dakika. Tufanye hesabu: 540 gawanya kwa 60 ni 9. Basi huzunguka mara 9 kwa sekunde moja. Kama kila mzunguko mmoja hukunja sentimita 20 za nguo, sekunde moja hukunja sentimita 180. Kanga ina urefu wa sentimita 150 hivi. Kwa hiyo kanga nzima imekwisha kabla mwenyewe hajapiga kelele, na mkono umeifuata.

Sasa sikilizeni hatua za kazi. Mwalimu, tafadhali ziandike ubaoni.

1. Simamisha trekta mahali pa tambarare. Ondoa nguvu kwenye shafti, zima injini, funga breki, na utie ufunguo mfukoni mwako.

2. Ngoja. Visu ni vizito, navyo huendelea kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa. Usikaribie mpaka vimesimama kabisa.

3. Chomoa shafti kwenye trekta. Sasa injini haiwezi kuvizungusha visu, hata mtu akiiwasha kwa makosa.

4. Ukiinua mashine ili uone chini yake, iegemeze juu ya magogo imara. Usiiamini mikono ya trekta peke yake. Oili ya kunyanyulia ikivuja, mashine hushuka ghafla.

5. Vaa glavu nene na miwani ya kukinga macho. Waya uliokazwa ni kama springi. Ukikatwa, huruka.

6. Usiuvute waya kwa nguvu. Ukate vipande vifupi kwa koleo au msumeno wa chuma, kisha utoe kimoja kimoja. Visu uvisogeze kwa ubao, si kwa mkono. Usitumie moto: utachoma sili, na majani makavu yatawaka.

7. Tazama kama oili inavuja, na kama visu na boliti zake ni salama. Rudisha shafti na vifuniko vyake vyote.

Okota vipande vyote vya waya. Ng'ombe akimeza kipande kimoja, chaweza kumchoma tumbo hata moyo.

Lakini kinga ni bora kuliko tiba. Kabla ya kufyeka, watu wapite shambani kwa miguu, watoe waya na mawe. Trekta likianza kazi, watoto na waokotaji wakae mbali, kwa maana kipande cha waya huweza kurushwa kama risasi.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini dereva atie ufunguo mfukoni?
2. Kwa nini waya hukatwa, wala hauvutwi?
3. Katika shamba lenu, nyaya hutoka wapi, na nani ataziokota?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.