Porsche na Njia za Vilima: Mbio Bila Raha Hazifiki Mbali

Kila mwana wa pwani anaijua tofauti ya ngalawa na jahazi. Ngalawa ina mbio, lakini abiria wake hufika nguo zimerowa. Jahazi hubeba watu na mizigo kwa utulivu, nalo halina haraka. Mwenye kutaka sifa zote mbili katika chombo kimoja hana budi kumtafuta fundi hodari. Mas'ala hayo hayo huwakabili wenye Porsche 911, gari la mbio la Kijerumani lililoonyeshwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1963.

Gari hilo liliundwa kwa barabara laini za Ulaya. Injini iko nyuma, tumbo liko karibu na ardhi, na magurudumu yameshikwa kwa ukakamavu ili gari lisilale kwenye kona. Hebu, ndugu msomaji, tulipeleke kwa fikira hadi Nyamarambe, katika vilima vya Mugirango Kusini, huko Kisii. Mvua za huko ni nyingi, na njia za vijijini hupanda na kushuka baina ya migomba na miwa. Jirani yake, Tabaka, ndiko yatokako mawe laini yachongwayo vinyago na sahani, hata vikafika madukani Mombasa. Mchukuzi wa bidhaa hizo hahitaji kufundishwa: gari gumu huvunja mzigo kabla haujafika sokoni.

Wako wanaodhani kwamba raha ni adui wa mbio, kwamba gari likikazwa springi ndipo litakapokwenda kasi. Katika lami yaweza kuwa kweli. Katika njia ya mashimo ni kinyume chake. Gurudumu gumu likigonga jiwe huruka, na gurudumu lililo hewani halivuti, halikati kona wala halishiki breki. Nguvu zote za injini hupotea bure. Tena dereva hutikisika mpaka mgongo ukauma na macho yakachoka, na dereva aliyechoka hukosea.

Historia ya Safari Rally ni shahidi. Mwaka 1972 Sobiesław Zasada wa Poland alishika nafasi ya pili kwa Porsche 911, nyuma ya Hannu Mikkola aliyeendesha Ford Escort. Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Sweden akawa wa pili kwa Porsche Carrera yenye injini ya lita 2.7. Aliyemshinda ni Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, kwa Mitsubishi Lancer yenye injini ya lita 1.6 tu. Mwaka 1978 Porsche ilirudi na magari mawili yaliyoinuliwa kiasi cha sentimita 28 kutoka ardhini. Vic Preston Jr wa Kenya akawa wa pili, Waldegård wa nne. Ushindi ukaenda kwa Jean-Pierre Nicolas na Peugeot 504, jamii ya gari lile lile lililosifika Afrika nzima kwa kubeba abiria katika njia mbovu bila kuwachosha.

Basi je, dawa ni kulilegeza gari tu? La, hasha. Porsche iliyolegezwa mno hutupa mkia kwenye kona, kwa kuwa uzito wake uko nyuma. Ikiinuliwa kupita kiasi hupoteza utulivu, na mihimili inayozungusha magurudumu hukaa upande, viungo vyake vikalika upesi. Mafundi wa mbio hizi hulipa gurudumu nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, kisha hutia shokomzoba imara za kulituliza. Hufunga tairi zenye mbavu nene, na chini ya tumbo huweka bamba la kuzuia mawe. Gari huwa zito kidogo, lakini hufika.

Matunda ya elimu hiyo yalionekana katika mbio za magari ya zamani, East African Safari Classic, zilizoanza mwaka 2003 na ambazo mara kadhaa zimeanzia au kumalizikia Mombasa. Mwaka 2011 Waldegård, akiwa na umri wa miaka 68 na mwanawe Mathias kando yake, alishinda kwa Porsche 911. Ilikuwa miaka 37 tangu Joginder amtangulie. Mwaka 2015 Stig Blomqvist naye akashinda kwa gari la aina hiyo.

Mzee wa miaka 68 hastahimili siku nyingi za kutikiswa kama nazi kapuni. Gari lililomtunza mgongo ndilo lililomfikisha mbele ya vijana. Kwa hiyo mwenye gari anayekwenda gereji asianze kumwuliza fundi litakwenda kasi gani. Na aanze kwa kumweleza njia atakayopita, na watu atakaowapakia.