Mawimbi ya mshtuko hutibu kano, ila si kila maumivu

Mkimbiaji anayejifua kwenye miinuko ya Molo na kibarua anayekata maua kutwa nzima Naivasha wana adui mmoja: kano iliyochakaa. Kano, utepe mgumu unaounganisha msuli na mfupa, hupata damu kidogo na hivyo hukawia kupona.

Wagonjwa wa aina hii sasa hupendekezewa tiba ya mawimbi ya mshtuko. Asili yake ni Ujerumani, ambako mwaka wa 1980 madaktari wa Munich walivunja mawe ya figo bila kumpasua mgonjwa. Baadaye mbinu hiyo ilijaribiwa kwenye kano, na mwaka wa 2000 Marekani ikaidhinisha mashine ya kutibu maumivu sugu ya kisigino.

Mapigo hayo, yanayouma kiasi, hukusudiwa kuamsha uponyaji uliokwama. Kwa kawaida vikao ni 3 hadi 5, kimoja kwa wiki.

Kwa kisigino, ushahidi unaridhisha. Kwa kiwiko, tafiti zinakinzana. Mazoezi ndiyo tiba ya kwanza, tena hayana gharama: kusimama ukingoni mwa ngazi na kushusha visigino polepole, kila siku kwa wiki 12. Anayeuziwa vikao bila kufundishwa mazoezi ana haki ya kuuliza analipia nini hasa.

Wajawazito na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda wamweleze daktari kwanza. Nayo kano iliyokatika ghafla haingojei mashine. Mgonjwa apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.