LISHA UDONGO, LINDA UJIRANI
Mbolea ya asili kwenye shamba la kuazima



Katika ziara zetu kwenye vijiji vya Fizi, kandokando ya Ziwa Tanganyika, jamaa zilizokimbia vita hutueleza jambo lile lile: «Udongo tuliopewa umechoka.» Wenyeji nao hutuambia: «Wageni wanakamua udongo wetu kisha wanaondoka.» Pande zote mbili zinasema kweli. Mtu aliyepewa shamba kwa musimu mmoja hana sababu ya kulilisha. Na mwenye shamba asiyeona udongo wake ukilishwa hana sababu ya kumwachia mgeni kwa muda mrefu.

Katika lokalite moja, jamaa ya wageni ilipewa kipande kilichokuwa kimeachwa kwa nyasi. Mama na watoto walibeba samadi kwa vikapu kwa miezi mingi. Musimu wa pili, mashu na tomati zilistawi mpaka wapita njia wakasimama kutazama. Ndipo mwenye shamba akalidai kabla ya mavuno. Majembe yalikaribia kuinuliwa. Chefu na wazee waliwakalisha chini siku mbili, na jamaa ile ikaruhusiwa kuvuna. Hakuna aliyekuwa mwizi pale. Kilichokosekana ni mapatano.

Kwa hiyo leo tunaeleza mambo mawili pamoja: namna ya kulisha udongo bila kununua mbolea ya dukani, na namna ya kupatana ili kazi hiyo isizae ugomvi.

1. Lundo la mbolea

Chagua mahali penye kivuli, mbali na kisima. Pima upana wa mita moja na nusu. Tandika vijiti chini ili hewa ipite, kisha panga tabaka hizi:

- majani makavu, mabua ya mahindi au maganda ya maharagi, kimo cha shibiri moja;
- majani mabichi, magugu ambayo hayajatoa mbegu, maganda ya ndizi na ya muhogo, kimo hicho hicho;
- samadi ya ng'ombe, mbuzi au kuku, vidole vinne;
- majivu kidogo, udongo wa juu kidogo, na maji ya kulowanisha.

Rudia mpaka lundo lifike kifuani. Funika kwa majani ya mgomba: wakati wa jua yanazuia lundo kukauka, na wakati wa mvua yanazuia chakula cha mimea kuoshwa na maji. Choma fimbo ndefu katikati. Baada ya siku chache ichomoe na kuishika. Ikiwa ya moto, kazi inaendelea. Ikiwa baridi na kavu, ongeza maji. Ikinuka vibaya, maji yamezidi: geuza lundo na uongeze majani makavu.

Geuza lundo baada ya wiki tatu, na tena baada ya wiki tatu nyingine. Kwa kawaida, baada ya miezi mitatu hivi mbolea huwa nyeusi, inavunjika mkononi na kunuka kama udongo wa porini. Weka konzi mbili katika kila shimo la kupandia, au ndoo moja ya lita 20 kwa tuta la mita mbili za mraba.

Usitie ndani plastiki, mawe ya redio, wala migomba iliyougua mnyauko. Usitie kinyesi cha watu: pwani hii inajua kipindupindu. Samadi mbichi nayo isiwekwe kwenye shina, maana inaunguza mizizi.

2. Chai ya mimea

Mboga zikiwa shambani na majani yake yakigeuka manjano, unaweza kuzipa chakula cha haraka. Tafuta ule mmea mchungu wenye ua la manjano mfano wa alizeti, unaoota kando ya barabara na kwenye fensi. Wataalam huuita Tithonia. Katakata majani yake, jaza nusu ya ndoo, ongeza maji na ufunike. Koroga kila siku kwa wiki mbili. Chuja, kisha changanya kikombe kimoja na vikombe vinne vya maji. Mwagilia kwenye udongo kando ya shina, jioni, mara moja kwa wiki. Osha mboga vizuri kabla ya kupika.

3. Kazi hufuata misimu

Mbolea inachukua miezi mitatu, kwa hiyo anayeanza lundo siku ya kupanda amechelewa.

Mwezi wa sita, musimu B unapoisha, kusanya mabua na maganda yote. Usiyachome. Lundo la wakati huo litakuwa tayari mwezi wa tisa, mvua za musimu A zinapoanza.

Mwezi wa kumi na wa kumi na moja, magugu ni mengi. Yang'oe kabla hayajatoa mbegu na uanze lundo la pili. Litakuwa tayari kwa kupanda musimu B, mwezi wa pili.

Kiangazi, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, lima mboga bondeni penye maji. Funika tuta kwa nyasi kavu ili udongo usikauke upesi.

Jamaa isiyo na shamba itumie gunia. Lijaze udongo uliochanganywa na mbolea, simamisha nguzo ya mawe madogo katikati ili maji yashuke, toboa matundu pembeni na upande lengalenga au vitunguu. Hata mwenye nyumba akikuhamisha, udongo ule na mbolea yake unaweza kuhama nawe.

4. Kwa nini musimu mmoja hautoshi

Mbolea ya lundo haiishi mara moja. Musimu wa kwanza mimea hula sehemu tu. Nyingine hubaki ardhini kwa misimu inayofuata. Mgeni akiondolewa mapema, anaacha mali yake ardhini. Akiachiwa misimu miwili au mitatu, anakula jasho lake, na mwenye shamba anarudishiwa udongo wenye nguvu kuliko aliotoa. Kila upande unapata faida.

5. Mapatano ya kuandika

Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliweka ardhi kuwa mali ya dola, lakini vijijini mashamba mengi hutolewa kwa desturi, kwa neno la mdomo. Neno hilo husahaulika. Tunashauri karatasi moja yenye mambo haya:

- mipaka ya shamba, ikipimwa kwa hatua mbele ya majirani;
- idadi ya misimu;
- malipo: pesa, siku za kazi, au sehemu ya mavuno;
- mwenyeji akihitaji shamba, atangoja mavuno, na watapatana juu ya mbolea iliyowekwa;
- mgeni hatapanda miti ya kudumu bila ruhusa, kwa maana kwetu kupanda mti ni kama kudai shamba;
- majina ya mume na mke pande zote mbili, mashahidi, na alama ya kidole kwa asiyeandika.

Zitolewe nakala tatu: ya mwenyeji, ya mgeni na ya chefu.

6. Ombi letu kwa viongozi

Msingoje kesi. Kaeni na wenyeji na wageni mwezi wa nane, kabla jembe halijaingia shambani. Siku ya salongo, jengeni lundo moja la pamoja, ili wote wajifunze. Na pale wafugaji wanapopita na ng'ombe wakati wa kiangazi, zungumzeni nao mapema: njia ipi, siku zipi, shamba lipi limekwisha kuvunwa. Ng'ombe wale mabua, mkulima apate samadi. Lakini wakiingia kabla ya mavuno, samadi hiyo hiyo itakuwa ushahidi wa kesi.

Ndugu zetu mliohama, tunajua si rahisi kulisha udongo usio wako huku moyo ukitazama nyumbani. Hata hivyo watoto wanakula leo, na jirani anaona mikono yako. Anzeni na lundo moja na karatasi moja.