Mlo mtamu Kipsongo, na daftari la madeni jikoni

MWULIZE mkazi yeyote wa Kitale akuelekeze mahali pa kumpeleka mke na watoto kwa chakula cha mchana siku ya Jumapili, naye atakutajia mikahawa ya katikati ya mji, ile yenye viti vya kuzunguka na kuku wa kukaangwa kwa mafuta mengi. Hatakutajia Kipsongo. Ukilitaja jina hilo wewe mwenyewe, huenda akakukodolea macho.

Mimi nilikodolewa na mke wangu. Ilikuwa Jumapili moja ya mwezi Juni, tukiwa tumemtembelea ndugu yake mdogo anayetengeneza simu mjini Kitale. Watoto walikuwa wamekwisha kuahidiwa vibanzi, ndipo shemeji alipopendekeza twende tukale kwa mama mmoja Kipsongo.

“Kipsongo? Na watoto hawa?” mke wangu aliuliza.

“Dada, mimi hula huko karibu kila siku na sijafa,” alijibu shemeji.

Ukweli ni kwamba mfukoni nilikuwa na sababu zangu za kumwunga mkono shemeji. Wiki mbili kabla ya hapo, katika mji mwingine ambao sitautaja, nilikuwa nimelipa zaidi ya Sh2,000 kwa kuku aliyekauka kama ukuni na vibanzi vilivyolainika kwa kungojea. Mwanangu wa kwanza alikula nusu, wa pili akalala mezani. Basi tukaondoka kwa miguu, mke wangu akiwa amemshika kila mtoto mkono kana kwamba tunavuka mto.

Msomaji ambaye hajafika huko, Kipsongo ni mtaa wa watu maskini ulio pembezoni mwa mji wa Kitale. Wengi wa wakazi ni Waturkana ambao wao wenyewe, au wazazi wao, waliteremka kutoka kaskazini wakikimbia ukame, njaa na wizi wa mifugo. Kutoka Lodwar hadi Kitale ni kilomita zipatazo 300, na mtu anayeifuata barabara hiyo huacha nyuma mchanga na miiba akakutana na mvua, mahindi na mji mkubwa. Wamo pia Wabukusu, Wasabaot na wengine waliofuata riziki. Watu hujikimu kwa vibarua vya mashambani, kubeba mizigo sokoni, kufua nguo za watu na kuokota vyuma na plastiki za kuuza. Kwa miaka mingi nyumba za mtaa huu zilijulikana kwa nailoni na makasha ya karatasi yaliyofunikwa juu ya vijiti. Nimewasikia wazazi wa mjini wakilitumia jina la Kipsongo kumtisha mtoto asiyetaka kusoma.

Hoteli yenyewe (na sisi Wakenya huita hoteli hata mahali pasipo na kitanda) ni chumba kimoja cha mabati na mabanzi, chenye meza tatu ndefu na mabenchi. Mbele kuna dumu la maji lililotiwa bomba, kipande cha sabuni kimefungwa kwa uzi ili kisiondoke na mteja. Jikoni kuna meko matatu ya udongo. Ukutani kumebandikwa leseni ya biashara, nambari ya kulipia kwa M-Pesa, na kadi kubwa iliyoandikwa kwa wino mwekundu: KUKOPA HARUSI, KULIPA MATANGA.

Mwenye hoteli ni mama wa makamo, Mbukusu aliyeolewa upande wa Kiminini na kufiwa na mume. Aliomba jina lake lisiandikwe gazetini, nami nimelihifadhi. Alitukaribisha kana kwamba tulikuwa tumetuma barua kumwarifu.

“Karibuni wageni. Dada, mlete huyo mdogo hapa karibu na meko, kuna baridi,” alimwambia mke wangu.

Na kweli kulikuwa na baridi. Kitale iko mita zipatazo 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni mawingu ya Mlima Elgon hayamwonei mtu haya.

Hapo hakuna orodha ya vyakula. Mama mwenyewe husimama mbele yako akahesabu kwa vidole: ugali kwa matumbo, ugali kwa kuku wa kienyeji siku za Jumapili tu, ugali kwa sukuma wiki, chapati kwa maharagwe, githeri, na mboga za kienyeji kulingana na kilicholetwa asubuhi. Siku hiyo kulikuwa na mnavu na mrenda. Maziwa ya mursik hupatikana pia, yakiletwa kwa vibuyu na mama mmoja wa Kisabaot. Vibuyu hivyo husuguliwa ndani kwa makaa ya mti uitwao senetwet, na hayo makaa ndiyo yanayoyapa maziwa ule weusi unaowashangaza wageni.

Mimi na shemeji tuliagiza matumbo. Mke wangu, ambaye bado alikuwa akipangusa benchi kwa kitambaa chake, aliagiza kuku. Watoto wakataka chapati na maharagwe.

Niseme wazi kwamba sijala mrenda kama ule tangu bibi yangu afariki. Watu wengi mijini hutia magadi ya dukani kisha mboga ikawa na uchungu wa sabuni. Mama huyu hutumia munyu, ile chumvi ya kienyeji ambayo hupatikana kwa kuchoma maganda makavu ya maharagwe, kuyatia majivu yake katika chombo chenye matundu na kuyachuja kwa maji polepole. Tone kwa tone, maji ya rangi ya chai huteremka. Kijiko kimoja hulainisha sufuria nzima. Alituonyesha chupa yake akiwa ameishika kwa mikono miwili. Matumbo nayo yalikuwa yameoshwa yakaoshwa tena, yakachemshwa tangu alfajiri, kisha yakakaangwa kwa kitunguu na nyanya hadi mchuzi ukashika. Mke wangu alinyamaza. Wanaomjua wataelewa maana yake. Halafu akaomba aongezewe mnavu.

Kwa wale watakaoniuliza kuhusu usafi, nitajibu kama nilivyojifunza kwa miaka ya kula vibandani katika safari za kazi. Tazama maji kwanza, kisha mikono ya anayepakua. Kula kinachotoka motoni kikifuka moshi, na uache kachumbari iliyokatwa asubuhi ikakaa wazi. Tazama pia kama chakula kinaisha, kwa maana sufuria inayoisha kila siku haina kiporo. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, haibagui hoteli ya mabati na hoteli ya vioo, na kila anayeshika chakula cha kuuza anatakiwa kupimwa na kuwa na cheti cha afya, ambacho hufanywa upya kila baada ya miezi sita. Mama alikuwa na chake, na cha msichana anayemsaidia. Alilalamika kwamba karo ya vyeti, leseni na kuni humfikia kwa wakati mmoja, kama ndugu waliopatana.

Tulikuwa tumefika kwenye chai mzee mmoja aliposimama mlangoni. Alikuwa Mturkana mrefu, blanketi begani, fimbo mkononi, na kile kiti kidogo cha mti ambacho wazee wa kwao hutembea nacho. Hakuingia.

“Apa, ingia uketi,” mama alimwambia, akitumia neno la Kiturkana la kumheshimu baba.

Mzee akaketi kwenye kiti chake mwenyewe, karibu na mlango, ingawa benchi lilikuwa wazi. Mama akampakulia nusu ya ugali, mboga, na juu yake mchuzi wa matumbo. Hakuna fedha iliyotolewa, wala neno halikusemwa kuhusu malipo. Nilimwuliza mama kama yule naye ameandikwa.

“Ukurasa wake ulijaa. Sijamfungulia mwingine,” alijibu.

Ndipo akalileta daftari. Ni la shule, la kurasa 96, na jalada lake limeshonwa kwa uzi. Ndani hamna majina ya ubatizo bali alama anazozijua mwenyewe: Kijana wa Mkokoteni, Mama Kuni, Kofia Nyekundu, Yule wa Mbwa. Mbele ya kila mmoja kuna tarakimu, nyingine zimekatwa kwa mstari, nyingi hazijakatwa. Nilimwuliza, basi ile kadi nyekundu ukutani ni ya nini? Akacheka hadi akashika kiuno. Kadi ile, alisema, ni ya wageni.

Alinieleza jinsi mwaka unavyokwenda. Mahindi ya Trans Nzoia hupandwa mvua zinapoanza, mwezi Machi na Aprili. Wakati huo kazi zipo, na wakati wa palizi pia. Watu hulipa taslimu na hata kuagiza nyama. Baada ya palizi mashamba hayahitaji mikono. Juni, Julai na Agosti mahindi yanakua yenyewe huku kibarua akikaa barazani na kuyatazama. Kazi hurudi Oktoba na Novemba, wakati wa kuvuna na kupukuchua, na hapo ndipo daftari hukatwa mistari. Kwa hivyo katika miezi hiyo ya katikati, hoteli ile yenye meza tatu huukopesha mtaa.

Hapo mimi hushindwa kuelewa. Wilaya hii ya zamani, ambayo sasa ni kaunti, ndiyo tunayoiita ghala la nafaka. Reli ilifikishwa Kitale mwaka 1926 ili mazao ya walowezi yapate kwenda sokoni. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa papa hapa Kitale mwaka 1956, na mwaka 1964 ikatolewa H611, mahindi chotara yaliyobadili mashamba ya nyanda za juu. Kutoka mlango wa mama huyu huhitaji kutembea mbali kabla ya kuona mahindi yaliyokupita urefu. Lakini yeye hununua unga dukani kwa pakiti, na anayepalilia mahindi hayo hununua ugali kwa sahani.

Pakiti ya kilo mbili humpa sahani nane za mtu wa kazi nzito. Mwaka 2022, unga ulipopita Sh200 kwa pakiti, alijaribu kuzifanya ziwe kumi. Wateja hawakusema kitu, ila waliziinua sahani zao wakazitazama kwa chini. Mwezi Julai mwaka huo serikali ilitangaza pakiti iuzwe kwa Sh100, na kwa wiki chache watu walisukumana madukani. Mara nyingi yeye alifika akakuta rafu tupu. Alirudia sahani nane, akapunguza matumbo.

Nilimwuliza kwa nini asifunge daftari kabisa. Hakunijibu mara moja. Alipakulia wateja wawili, akamimina chai, kisha akasema kwamba alipofungua hoteli hii, yule mzee wa mlangoni ndiye aliyemchotea maji miezi mitatu bila kudai, kwa sababu alimwona ni mjane na mgeni. Wengine daftarini hawajamfanyia wema wowote, alikiri. Wapo waliohama na deni. Yupo mmoja ambaye sasa humpita njiani akiwa kwenye simu isiyoita. Lakini akifunga daftari, mwezi Julai atampikia nani? Ataketi na sufuria yake iliyojaa akiwatazama kina Mama Kuni wakipita.

Sikuwa na jibu, na si kazi yangu kumfundisha biashara mtu aliyesomesha watoto watatu kwa chapati.

Ulipofika wakati wa kulipa, alihesabu kwa sauti. Matumbo sahani mbili, Sh200. Kuku, Sh200. Chapati nne, Sh80. Maharagwe sahani mbili, Sh80. Chai vikombe vitano, Sh100. Jumla Sh660 kwa watu watano, na mrenda na mnavu havikuhesabiwa. Mke wangu akatoa noti ya Sh1,000 na kunyoosha mkono kungojea chenji.

Mama alilifungua daftari tena, akamtazama shemeji, akamtazama mke wangu. Katika ukurasa wa nne, chini ya Kofia Nyekundu, kulikuwa kumeandikwa Fundi Simu: Sh340, tangu Aprili.

“Ni ndugu yako huyu?” mama aliuliza kwa upole.

Shemeji aliona mara moja kwamba kuna simu ya mteja inayopaswa kushughulikiwa nje. Mke wangu aliurudisha mkono wake bila chenji, mstari ukapigwa, na watoto wakapewa mandazi mawili ya kula njiani. Safari hii hakuwashika mikono. Walikimbia mbele na watoto wengine wa mtaa waliokuwa wakisukuma gurudumu la baiskeli.

Wiki mbili baadaye nilimpigia shemeji simu kutaka kujua habari za kule. Hoteli ipo, alisema, ila kuku wa Jumapili hayupo tena na matumbo hupikwa Ijumaa pekee. Siku nyingine ni ugali, mboga na mchuzi wa maharagwe hadi mahindi yavunwe. Mama amenunua daftari jipya. Yule mzee bado huketi mlangoni kwenye kiti chake. Na Fundi Simu, nilimwuliza, ameandikwa tena? Shemeji alisema mtandao unasumbua, hanisikii vizuri.