Ni Nani Anayestahiki Kukaa Mkekani?

Kisa cha mwanzo wa Sura ya Abasa kinajulikana na wengi wetu. Mtume (S.A.W.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, akitaraji wasilimu, mara akafika kipofu, Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.), akitaka kufundishwa. Mtume akakunja uso. Mwenyezi Mungu akamzindua kuwa aliyekuja mbio hali ya kumcha Mola wake ndiye aliyestahiki kusikilizwa.

Kisa hicho kinatufunza jambo ambalo wataalamu wa elimu ya jamii wamelichunguza sana. Elimu ni ya Allah, lakini mlango wake hulindwa na watu, na watu hutazama nasaba, mali na cheo. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, alibainisha kuwa wengi wa wanachuoni wa Kiislamu hawakuwa Waarabu. Hakusema sababu ni damu. Alisema elimu ni kama ufundi mwingine: hustawi penye makazi yaliyotulia, walimu na nafasi ya kujifunza.

Ushahidi tunao hapa hapa Bagamoyo. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, alizaliwa upande wa Kongo, akaletwa pwani akiwa mtoto mtumwa. Katika jamii ya zama zile, mtumwa aghalabu alifundishwa kiasi cha kumwezesha kuswali. Vitabu vilikuwa vya waungwana. Yeye alifanya biashara ndogondogo, akasoma, akapata walimu waliokubali kumfungulia kitabu. Hatimaye alisomesha watu, akawa khalifa wa tariqa ya Qadiriyya, na mwaka 1916 Waingereza wakamfanya liwali wa Bagamoyo. Alipofariki mwaka 1931, mji ulikuwa umemzika sheikh wake.

Tunapenda kumsifu Sheikh Ramiya. Tujiulize basi: lau wale walimu wangetazama asili yake, Bagamoyo ingepoteza nini?

Swali hili limenijia nikiwa na daftari la ada ya madrasa yetu hapa Miono. Wasiolipa kwa miezi mitatu walikatwa majina, na kalamu iliyowakata ilikuwa mkononi mwangu. Nilipoyasoma upya majina yale, niliona kuwa karibu yote ni ya watoto wa vibarua wa mashambani na wa wafugaji waliohamia. Hakuna mwanakamati aliyekusudia kuwafukuza maskini. Tulitaka tu mwalimu apate haki yake. Lakini ndivyo mlango unavyofungwa katika jamii: kwa kanuni iliyoonekana ya haki, bila mtu yeyote kuona kuwa ameusukuma.

Nimependekeza kwa kamati kwamba ada isiwe tena sharti la kukaa mkekani. Mwenye uwezo alipe, na wakati wa mavuno ya ufuta kila nyumba itoe chochote katika mfuko wa mwalimu. Uamuzi bado haujapita, kwani wapo wanaohofia kuwa hata wenye uwezo wataacha kulipa. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake imo mikononi mwa wazazi.

Ndugu mzazi, unapomlipia mwanao, mkumbuke na mtoto anayechungulia dirishani. Hujui Allah amemwandikia nini.

Wabillahi tawfiq.